Mawese Chini ya Rangi

Bwana yangu, Mungu amurehemu na amufunge kinywa, alianza na majembe. Hewa ya ziwa hapa Uvira inakula chuma vile panya anakula sabuni. Basi alikuwa anapakaza majembe mafuta ya mawese, vile mama yake alimufundisha, na wanawake wenye kulima mpunga Bwegera wakapenda yake tu. Kutoka majembe akaingia ku madirisha, kutoka madirisha ku milango, akaanza kupaka rangi. Ateliye, karakana yake, ikapata kibao, na kichwa chake kikavimba kuliko kibao.

Binti yetu wa kwanza alipenda ile kazi kuliko kupika. Alienda kuangalia mafundi wa Bujumbura, akarudi na neno moja:

"Papa, mbele ya rangi, chuma kioshwe, kikauke. Mafuta hapana."

"Weye mutoto mwanamuke utanifundisha mawese? Minye nilizaliwa ndani ya mawese!"

"Ni kweli," nikasema, "njo maana unatelezaka."

Kisha kanisa letu likatuletea mulango wake mukubwa wa chuma. Pasta alisema: tukiufanya muzuri, milango na madirisha yote ya kanisa mupya ni yetu. Tukiuharibu, nilijua mwenyewe, hakuna muntu Uvira angetuletea hata sufuria.

Muzee akaupakaza mawese kwa siri, eti kutu isirudi, akaweka rangi ya kijani juu. Uling'aa kama kioo. Binti akagusa, kidole kikanata.

"Papa, haijakauka."

"Itakauka kwa neema ya Bwana."

Siku ya Mungu, mulango umekwisha kusimamishwa kanisani, Pasta, mwanaume munene ndani ya kositimu nyeupe, akaegemea ule mulango na kutuhubiria juu ya moyo safi. Alihubiri murefu. Jua likachoma, mawese yakaamuka chini ya rangi. Alipogeuka kutuongoza ndani, mugongo wote, kutoka shingo mpaka matako, ulikuwa mistari ya kijani kama punda milia. Mama mumoja wa nyuma akalalamika:

"Pasta, geuka tena, hatujamaliza kusoma!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana yangu akajificha nyuma ya ngoma ya kwaya.

Pasta hakucheka. "Muzee, kesho ninabeba mulango wangu kwa fundi mwengine."

Binti yangu akatoka mbele na kitenge chake cha kanisa. "Pasta, tuachie juma moja. Nitaukwangua minye mwenyewe."

Pasta akamutafuta baba yake kwa macho. "Muzee, uyu njo fundi wako?"

Bwana yangu angekataa, tungekwisha pale pale. Akatoka nyuma ya ngoma, akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Njo yeye," akasema.

Binti aliusugua na soda kali ya kutoa mafuta na brosi ya chuma, akaukausha, akapaka upya. Pasta alikuja, akausugua na kitambaa cheupe, kisha na kiwiko, kisha na matako yale yale. Safi! Akatupatia kanisa lote.

Leo binti iko na tanuru ya kuchomea rangi ya unga, na wanaume wazima kutoka Lemera wanamuita patro, mukubwa wa kazi. Baba yake, mpaka alipokufa, alikaa ku kiti nje ya ateliye. Muteja akifika, ananyoosha kidole: "Patro iko ndani. Minye ni baba yake." Na anajivuna, mujinga ule, kama vile alimuzaa peke yake.