Mkunga wa Tano

"Mwambie leo, Mama, kabla hajaandika," Renita akasema, na kile kisu cha kumenyea viazi kikawa kinanitazama mimi badala ya kiazi.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hujawahi kumzalisha mtu maishani mwako. Hata paka."

"Paka nilimzalisha," nikasema. "Muulize jirani yangu Eula. Watoto sita, na mmoja alitoka kavaa soksi."

"Mama."

"Nyeupe. Miguu yote minne."

Renita hakucheka. Mwanangu huyu alizaliwa akiwa tayari na miaka hamsini. Sasa ameifikia kweli, na kwa kuwa ni karani wa mahakama huko Birmingham, kutwa anawatazama watu wakiapa, basi akikukazia macho unajikuta umeanza kukumbuka ulikuwa wapi siku ya tukio.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, kuku yuko kwenye mafuta, na mimi nimekaa na bakuli la kunde mapajani nikizitoa kwenye maganda. Jalisa, mtoto wake wa pekee na mjukuu wangu wa pekee, tulimwacha kanisani na daftari lake. Alikuwa anazunguka kwa akina mama wazee, mmoja mmoja, akiwaomba wamsimulie jinsi bibi yake alivyokuwa mkunga. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, chuo kilikuwa kinataka ukurasa mmoja kutoka kwake. Ukurasa huo ukiwa mzuri, ameingia. Ukiwa mbaya, mwaka umekwenda, na kiti chake anapewa mwingine.

Acha nieleze ilivyokuwa, maana Renita ana tabia ya kuanzia mwisho.

Jalisa ana digrii ya biashara. Miaka mitatu alikaa kwenye kampuni ya bima, ana vipokea sauti masikioni, anapokea simu za watu ambao nyumba zao zimeungua na mabati yao yamechukuliwa na upepo. Siku moja mzee mmoja alipiga kuhusu gari lake, na katikati ya maneno ulimi ukaanza kuwa mzito. Jalisa akaita gari la wagonjwa kwa simu ya mwenzake, na yeye akabaki na mzee kwenye laini dakika ishirini na mbili, akimuuliza majina ya wajukuu zake ili asilale. Mzee akapona. Msimamizi wa Jalisa akamkaripia kwa kuchelewesha wateja wengine. Mwezi uliofuata Jalisa akaanza masomo ya jioni, mifupa na vijidudu na kemia, ili aombe ile digrii ya uuguzi ya haraka, ya miezi kumi na tano, wanayopewa watu wenye digrii nyingine tayari. Viti arobaini. Waombaji, aliniambia, mia tatu na zaidi.

Sasa fomu inataka maneno mia tano: kwa nini unataka kuwa muuguzi. Akaja kwangu na kompyuta yake, akakaa pale pale alipokuja kukaa Renita na viazi vyake, akasema, "Bibi, sina cha kuandika. Nina ile simu tu."

Na mimi nikamwambia, "Simu? Nani atakupa kiti kwa sababu ya simu?"

Hayo nilisema kwa mdomo wangu, na kila nikiyakumbuka mashavu yananiwaka.

Kisha nikampa mafuriko. Nilimpa mwaka ambao mvua ilinyesha wiki saba bila kupumua, hadi kuku wakawa wanataga juu ya miti na samaki wanapiga hodi. Nilimpa mimi mwenyewe, binti wa miaka kumi na tisa, juu ya nyumbu anayeogelea, nikienda kumzalisha dada yangu Lottie. Mtoto amekaa kinyume, kitovu kimemzunguka shingoni mara tatu, mimi nakifungua kama mtu anayefungua fundo la uzi. Dawa ya matone, ambayo kila mtoto hutiwa machoni mara tu anapozaliwa ili asipofuke, imechukuliwa na maji, basi nikampuliza mtoto machoni kwa pumzi yangu, pu, pu, na akayafungua akanitazama. Jalisa anaandika, mimi naongeza. Alipoinua kichwa macho yana maji, akasema, "Bibi, na baada ya huyo walikuwa wangapi?" Nikasema tisini na mmoja. Sijui ni kwa nini huyo mmoja. Tisini peke yake ilisikika kama uongo.

Hapa kanisani hadithi hiyo wanaijua. Wameisikia miaka hamsini, na kila mwaka nyumbu anaogelea mbali kidogo. Hakuna anayenibishia. Kwetu mtu mzima akisimulia unatikisa kichwa, unamwambia sema, dada, sema, kisha unamwomba chumvi. Jalisa alilelewa mjini, alikuja huku likizo tu, na hakuna aliyemwonyesha ni wapi pa kutikisa kichwa na ni wapi pa kuamini.

Insha yake ikapita. Wakamwita kwenye usaili.

Alivaa suti ya bluu, akatoa hereni kubwa akaweka ndogo. Watu watatu nyuma ya meza. Waliuliza mgonjwa akikataa dawa utafanyaje, akajibu. Waliuliza ukimwona mwenzako amekosea kipimo utafanyaje, akajibu. Wa tatu alikuwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe zote, muuguzi mstaafu ambaye chuo humwita kuwasaili waombaji, Bi. Dorsett. Yeye muda wote alikuwa akisoma karatasi ya Jalisa.

"Bibi yako alikuwa mkunga wa kaunti hii?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto huyu hakutiwa matone machoni."

"Hapana, mama. Maji yaliichukua dawa. Alimpuliza."

Jalisa anasema Bi. Dorsett aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama yangu alikuwa Ozella Rudolph. Miaka ile kaunti ilikuwa na wakunga wanne wenye kibali. Nesi wa kaunti aliwakagua kila mwezi, kucha zao, aproni zao, mpaka mkasi. Naweza kukutajia wote wanne."

Na mjukuu wangu, aliyelelewa kuheshimu watu wazima, akanyoosha mgongo akasema, "Basi, mama, umemsahau wa tano."

Wale wawili wengine wakatazama karatasi zao. Bi. Dorsett hakukasirika. Alisema, "Inawezekana. Tuandikie ukurasa mmoja, utufikie Jumatatu kabla ya saa sita. Uandike alichokuambia bibi yako, na umejuaje kwamba ni kweli."

Jalisa alinisimulia hayo kwenye simu akilia kwa hasira, si kwa hofu. "Wamekuita mwongo, Bibi. Mbele yangu. Nitawaletea mashahidi." Mimi nikasema ndiyo, mwanangu. Nikakata simu nikaenda kumwagilia maua yaliyokuwa yamemwagiliwa asubuhi.

Ndiyo maana Renita aliendesha gari kwa saa mbili kuja kunishika.

"Sikuelewi," akasema sasa, akitupa ganda la kiazi kwenye ndoo. "Si ni hadithi tu? Kila mtu anajua wewe ni mtu wa hadithi. Mwambie, Jalisa, bibi yako alitia chumvi. Atanuna siku mbili. Ataandika ile simu ya yule mzee, ambayo ndiyo ilikuwa ya kuandikwa tangu mwanzo, na ataomba radhi kwa yule mama."

"Kuku anaungua."

"Kuku haungui. Una miaka sabini na saba unaogopa kununiwa?"

"Naogopa mengi siku hizi. Ngazi. Msusi wa Eula."

"Mama, nitamwambia mimi."

"Usimwambie."

"Basi niambie kwa nini."

Nilitoa kunde ganda moja, mbili, nikaona vidole vyangu vinatupa kunde chini na kuweka maganda kwenye bakuli. Renita naye aliona. Akaweka kisu mezani.

"Hakukuwa na mafuriko," nikasema.

"Najua hakukuwa na mafuriko. Huku hakuna hata mto."

"Kulikuwa kukavu kabisa. Jua la saa nane. Mama Ozella alikuja kwa miguu, amefunga aproni yake nyeupe, akanikuta nimekaa tu, akaniambia, Vernell, wewe ni msichana mwepesi, njoo unisaidie. Kazi yangu ilikuwa moja. Nisimame kando ya kitanda cha Lottie nimeshika mkoba wake, na akinyoosha mkono nimpe kitu. Mkasi. Uzi. Ile chupa ya matone. Alinionyesha kila kitu kilipo mara mbili. Alikuwa anataka kunifundisha, Renita. Alisema nina mikono mizuri."

Renita akaisogeza ndoo ya maganda kando.

"Lottie alianza kupiga kelele. Dada yangu hakuwahi kupiga kelele, hata nyoka alipomuuma. Kisha nikaona damu. Na miguu yangu ikaondoka. Sikuituma. Nilijikuta nimefika kwenye banda la pamba, nimekaa ndani, nimekumbatia magoti, nasikia wananiita. Vernell. Vernell. Nikaziba masikio."

"Watu wengi hukimbia, Mama. Mimi mwenyewe ningekimbia."

"Sikiliza. Yule mtoto, binamu yako Alvin. Unajua jicho lake la kushoto."

"Alizaliwa nalo."

"Hakuzaliwa nalo. Siku ya nne macho yalifunga, usaha unatoka. Wakampeleka kwa daktari, la kulia likapona, la kushoto likapofuka. Nesi wa kaunti akaja akauliza, mtoto huyu alitiwa matone? Hapana. Kwa nini? Mama Ozella akasema ameyasahau nyumbani. Akasema amezeeka, amesahau. Wakamnyang'anya kibali mwaka mzima. Mwaka mzima, mwanamke aliyezalisha nusu ya kanisa lile alikuwa anafua nguo za watu, na ana mtoto wa kike wa miaka minane anayembebea ndoo."

Nilisikia mafuta yakichemka. Renita alikuwa amekaa amenyooka kama anavyokaa mahakamani.

"Bi. Dorsett," akasema.

"Nilikuwa naliona lile toto likipita hapo barabarani na ndoo. Likinisalimia. Shikamoo, dada Vernell. Nikawa naingia ndani. Halafu miezi kadhaa baadaye mtu mmoja kanisani akaniuliza, Vernell, si wewe ulikuwepo Lottie akijifungua? Ilikuwaje? Nikafungua mdomo, na nyumbu akatoka."

"Na hakuna aliyejua?"

"Lottie aliambiwa nilizirai, nikabebwa nje. Ozella alijua. Hakusema hadi anakufa. Kama alimwambia binti yake, sijui."

"Alimwambia," Renita akasema taratibu. "Ndiyo maana aliuliza matone, hakuuliza nyumbu. Mama, yule mama anajua Jalisa ni mjukuu wa nani, na bado amempa hadi kesho." Akajipangusa mikono kwenye sketi yake ya kanisani, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. "Lakini kuna kitu sikielewi. Umekimbia, sawa. Mtu wa kumpokezea hayupo. Matone si yalikuwa pale pale? Ozella alishindwa nini kujichukulia mwenyewe?"

Hilo ndilo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Niliangalia zile kunde sakafuni. Nilitamani samaki mmoja, hata mmoja, apige hodi.

"Hayakuwa pale," nikasema. "Niliuchukua. Kule bandani nilipokaa ndipo nilipoona uko mkononi mwangu. Mkasi, uzi, dawa, vyote. Nilikimbia na mkoba wake, Renita, na sikurudi nao hadi jua limeshuka, na nilipourudisha niliuacha mlangoni kwake nikaondoka. Alikata kitovu kwa kisu cha jikoni. Na yeye ndiye aliyesema amesahau."

Renita alitazama nyuma yangu.

Mlango wa wavu ulikuwa umefunguliwa, na aliyeufungua alikuwa bado ameushikilia kwa mkono ili usijibamize. Jalisa alikuwa amesimama kizingitini, viatu vyake vya kisigino amevivua, daftari limefunguliwa kifuani. Ukurasa ulikuwa mweupe. Katika wale akina mama wazee wa kanisa, hata mmoja hakumwambia kitu.

"Mkoba gani, Bibi?" akasema.