Herufi Moja Niliyokosea Inamfanya Rafiki Yangu Aitwe Mwizi

Admin, funika jina langu lakini ujanja wangu hauwezi kufunikika, utachungulia tu. Nina miaka arobaini na miwili, naishi Kinoo, mke mmoja, watoto wawili. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini kompyuta ilinipenda yenyewe. Nilijifunza kuandika programu nikifagia saiba ya watu, pale pa kulipia intaneti, nikafika hadi Dubai kufunga mitambo, na kwa ndege nikala sahani mbili kwa sababu jirani yangu alikuwa amelala. Leo nimeajiriwa na kampuni kubwa ya teknolojia huko Upper Hill, na wenye digrii hunipigia simu wakikwama.

Kazi yangu kubwa ni programu ya foleni. Ile mashine ya hospitali unabonyeza, inakupa karatasi yenye namba, kisha inakuita dirishani. Huyo ni mimi. Mkingoja daktari, mnangoja kwa akili yangu. Sasa, sisi wa Kinoo L na R ni mapacha, ukiita mmoja anaitika mwingine. Ndani ya programu, mahali mgonjwa haoni, niliandika FORENI. Kila mahali, foreni. Ilifanya kazi, na kompyuta haicheki mtu, kwa hivyo sikujua.

Wambua ni wa Riruta, ndiye aliyenisimamia harusi. Ana digrii na bado ananiita Profesa. Miaka mitatu iliyopita aliajiriwa na kampuni pinzani. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio ya kazi, mkewe mjamzito, na amekwama na programu kama hiyo hiyo. Nilimpa yangu kwa flashi. Kwangu ilikuwa kama kumwazima ndugu jembe. Mkataba wangu unasema ninachoandika kazini ni cha kampuni, lakini huo mkataba nilisoma tu pale pa mshahara.

Sasa kampuni hizo mbili ziko kortini, yetu inadai hakimiliki ya programu, kwamba wao waliiiba. Wao walijitetea kwamba wazo la foleni ni la kila mtu. Ndipo wakili wetu akafungua programu zote mbili mbele yangu, akaweka kidole. Foreni huku. Foreni kule.

"Wazo linaweza kuwajia watu wawili," akasema. "Kosa kama hili haliwajii wawili kwenye mstari ule ule."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, maana mchekeshaji wa ofisi ni mimi. Kisha akanipa hati ya kiapo niitie sahihi: kwamba niliandika mimi, na sikumpa mtu yeyote. Nikisaini, Wambua ni mwizi. Nikikataa, nafutwa, na pengine nashtakiwa mimi.

Tangu siku hiyo sisikii kitu. Si hasira, si machozi. Niko kama simu iliyokufa skrini, inalia lakini haionyeshi anayepiga. Mke wangu aliniambia nisaini tu, nifikirie watoto. "Baba Ciku, Wambua ana digrii, atapata kwingine. Wewe una nini? Una mdomo tu."

Jumamosi nilienda Riruta. Wambua amesimamishwa kazi, nilimkuta akimlisha mtoto uji. Alinieleza kwamba wakubwa wake wanamuuliza kila siku alikoitoa hiyo programu, naye anawaambia hakumbuki. Nikamuuliza kama alikuwa ameliona lile kosa.

"Niliona siku ya kwanza, Profesa. Ningelirekebisha kwa dakika mbili."

"Sasa mbona uliliacha?"

"Ningelirekebisha, ningeanza kudhani programu ni yangu." Akamfuta mtoto mdomo. "Na tena, kila nikilisoma nilikuwa nakusikia ukiongea."

Hakuniomba chochote. Angenitusi ningejua pa kushika. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia nimsalimie Mama Ciku. Nikafikisha salamu.

Jumatatu saa nne wakili ananingoja. Kalamu ninayo, harafu mkono hauna habari. Nyinyi mnaosoma, wengi wenu mmenishinda shule, nisaidieni: nitie sahihi nilee wanangu, au niseme flashi ilitoka mfukoni mwangu? Nifanye nini?

Na wewe Admin, ukikuta nimekosea herufi humu ndani, tafadhali iache.