Sumu Iliyopikwa Nusu

Asubuhi moja kabla ya shida, nilikuwa nje ya nyumba ya baba nikipepeta mbaazi, Daktari Piyasena akaja kununua. Hakuwa daktari hasa. Alikuwa mtoa dawa katika zahanati ndogo ya serikali ng'ambo ya kilima chetu, huko mashariki ya Kitui, lakini kwetu kila anayeshika sindano ni daktari. Alitoka kisiwa cha Seiloni, na dini yake ilikuwa ya Budha. Hakula nyama. Mama alidhani ni umaskini, akawa kila mara anamwekea kuku, naye kila mara alimrudisha kwa heshima. Siku hiyo pia alimrudisha, tukacheka wote, naye akacheka.

Baba yangu, Kilonzo, alikuwa mpishi wa sumu ya mishale. Alichanja mti wa kivai, akauchemsha tangu alfajiri hadi jua kuzama, mpaka chunguni pakabaki kitu cheusi kizito kama lami. Wawindaji walikuja kwake kutoka mbali. Alipobatizwa, aliwauliza watu wawili aliowaheshimu kama kazi ile ni dhambi. Mwalimu Yohana, mhubiri wetu, alisema shetani hakai chunguni, anakaa moyoni, na sumu ya nguruwe wanaokula mahindi haina kosa. Daktari alisema katika dini yao kuna kazi ambazo mtu hafai kuzifanya ili ale, na kuuza sumu ni mojawapo, hata mnunuzi akiapa ni ya nguruwe. Baba alichoka nao wote wawili. Alifunika chungu kifudifudi nyuma ya zizi, akashika jembe. Mimi nilifurahi, kwa sababu nguo zake ziliacha kunuka moshi ule.

Hii ilikuwa miaka ya thelathini, kabla Wazungu hawajaanza vita vyao vikubwa. Mvua ilikosa, kisha ikakosa tena. Mto wetu ulikuwa wa mchanga mtupu, na maji yalipatikana kwa kuchimba visima ndani ya mchanga huo. Ngamia walianza kuja kutoka kaskazini mashariki pamoja na wenyewe, Waislamu ambao tulikuwa tumezoea kuwauzia mbuzi. Mwanzoni waliomba maji wakapewa. Maji yalipozidi kushuka, hakuna aliyeomba na hakuna aliyetoa. Wajukuu wangu huniuliza ni nani aliyeanza. Sijui. Kila upande ulikuwa na maiti yake ya kwanza, na kila upande uliapa kuwa ya kwake ndiyo ilitangulia. Kisha ng'ombe wetu wakachukuliwa, na askari wa serikali, waliotumiwa habari, hawakuja.

Ndipo mume wangu, Musyoka, akaja na wenzake kwa baba. Mishale waliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, na sumu ikikaa sana juani hufa. Walitaka mpya. Mwalimu Yohana alikuja pamoja nao, na Daktari, aliyekuwa ameshona majeraha ya watu wa pande zote mbili, alisikia akaja pia.

Mwalimu alisema kwamba anayeona jirani yake akiporwa na kunyamaza hana amani, ana woga. Alisema Mungu ni Mungu wa haki, na kumlinda mnyonge ni kazi yake. Daktari alisema hajui habari za Mungu huyo, anajua tu kwamba ukimuua mtu leo, kesho utapigana na ndugu zake, na hakuna atakayesema sasa haki imetosha. Waliongea kwa upole, kama watu wanaopeana kiti. Musyoka ndiye aliyekosa subira.

"Daktari, wewe unakunywa maji ya tangi la serikali," akasema. "Sisi tunakunywa ya mchanga. Hiyo amani yako ni ya mtu hajaona kiu."

Baba aliinuka, akaenda nyuma ya zizi, akageuza chungu.

Alipika peke yake, kama desturi ilivyotaka. Jioni, wanaume waliomba kuona nguvu ya sumu. Jaribio lake ni la kutisha ukiliona mara ya kwanza. Baba alijikata kidogo juu ya mkono, akaacha damu ichirizike hadi kwenye kiwiko, kisha akagusisha sumu kwenye mwisho wa damu. Damu iligeuka nyeusi, na weusi ule ukaanza kupanda kuelekea jeraha. Akaufuta kabla haujafika. Wanaume waliridhika. Wakapokea mishale, kila ncha imefungwa ngozi laini ili jua lisiiguse, wakaenda zao.

Siku tatu baadaye tulishuka mtoni. Wanawake walichota maji, wanaume walisimama ukingoni na pinde. Nilikuwa ndani ya kisima hadi kifuani niliposikia kelele.

Nilipanda nikalala nyuma ya ukingo.

Walikuwa wengi kuliko sisi. Mishale iliruka, mikuki ikaja. Sikusikia woga. Nilikuwa natazama kibuyu changu kilichoanguka, maji yakiingia mchangani, na nilikuwa nahesabu hasara hiyo.

Kisha nikamwona Musyoka.

Alimpiga mtu mmoja mrefu pajani, kwa karibu. Mtu yule akauvuta mshale, akaanza kuondoka akichechemea kuvuka mchanga.

Musyoka akaweka upinde begani. Akamfuata.

Ndivyo anavyofanya mwindaji wa kwetu. Mnyama akishapigwa mshale wa sumu, hukimbizani naye. Unamfuata polepole, unangoja aanguke, kwa sababu ataanguka.

Yule mtu hakuanguka.

Aligeuka. Musyoka alikuwa hatua chache nyuma yake, mikono mitupu.

Mkuki uliingia mara moja tu.

Wenzake Musyoka waliirudisha maiti yake juu ya machela ya matawi, na sisi wanawake tukabeba maji, kwa sababu bado yalihitajika. Watu walijaa nyumbani. Mwalimu Yohana alikuja kuomba. Daktari alikuja na mfuko wake, ingawa hapakuwa na wa kutibiwa. Mimi nilikaa karibu na miguu ya Musyoka. Mchanga ulikuwa kati ya vidole vyake, nikautoa.

Baba aliwaita wale wawili karibu na maiti, na mbele yangu akasema:

"Mmoja wenu aliniambia pika. Mmoja aliniambia usipike. Mimi nikapika nusu."

Alieleza taratibu. Alitoa chungu motoni kabla ya saa sita, sumu ikiwa bado nyepesi, akaikoleza kwa utomvu na masizi ili ionekane nzito. Ile aliyojaribia mkononi ilikuwa ya zamani, ya nguvu, aliyoificha ndani ya pembe. Alitaka watu wa ngamia waumie, waogope, warudi kwao wakiwa hai. Alitaka vijana wetu waende na mishale, na asiwe ameua mtu.

Mshika mbili moja humponyoka. Baba ilimponyoka ile iliyokuwa yangu.

Mwalimu Yohana alisema Mungu ameona moyo wake. Daktari alisema kwao pia kinachopimwa ni nia. Baba akamuuliza kama nia inaweza kumwamsha huyu. Daktari akavua kofia, akakaa chini kwenye vumbi pamoja nasi, akakaa hivyo mpaka tulipozika. Sikuwachukia. Sikuwa na nguvu hiyo.

Askari walifika baada ya mazishi, wakagawa zamu za visima, na mvua ikanyesha. Vita vikaisha kana kwamba vilikuwa vinangoja tu mtu wangu.

Miaka ilipita. Kabla hatujahama kilima kile kwenda Kathonzweni, alikuja mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini, mtu mrefu mwenye kuchechemea. Alikaribishwa, akaketi karibu na baba, aliyekuwa mzee sasa. Wakazungumza habari za malisho, kisha za zamani. Mgeni akapandisha shuka, akaonyesha kovu pajani.

"Hii ni ya huko mtoni kwenu," akasema. "Yule kijana alinifuata akiniangalia tu, kama mtu anangoja mzoga. Lakini ule mwaka Mungu alifanya sumu ya Wakamba kuwa maji. Sasa niko na watoto wanane, mzee."

Baba alinyoosha mkono, akagusa kovu lile kwa kidole gumba, akaliminya kidogo. Machozi yalimtoka. Hayakuwa ya majuto. Nilimjua baba, na nilijua uso wake akiwa na furaha.

Mgeni alishangaa, akanigeukia mimi, akauliza mume wangu yuko wapi. Nilimwambia alikufa. Akasema pole, mama. Niliitikia.

Mimi ni Mkristo tangu ujana, na maneno ya Daktari nayajua pia, kwa sababu aliendelea kuja kununua mbaazi hadi alipohamishwa. Nimeyapima yote kwa muda mrefu. Watoto wanane si kitu kidogo. Lakini kama baba angeniuliza mimi siku ile alipogeuza chungu, ningemwambia aache kichemke hadi jua lizame.

Mgeni aliomba maji. Nilimpa, na alipomaliza nikamwongezea, kwa kuwa alikuwa na safari ndefu.