Msitu Ambao Hakuna Aliyeutumia

Niliondoka Manundu alfajiri, cherehani nimeifunika, kwa sababu mama mkubwa Zaina, dada yake mama, alikuwa ameniita Mazingara. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, na sasa msitu wa tambiko walimozikwa bibi zetu ulitakiwa ufyekwe, uwe shamba la pamoja. Bwana ardhi angekuja kusikiliza pingamizi. Mama mkubwa alitaka niseme naye, eti mimi wa mjini nimezoea watu wa ofisi. Nawashonea suruali tu!

Hadi Handeni nilipanda lori la magunia. Kutoka hapo nilitembea, nikipita nyumba zilizoezuliwa na mipapai iliyoiva bila wa kuchuma. Nilisikia uchungu, nikaongeza mwendo.

Mazingara nilimkuta mama mkubwa mlangoni pa kibanda cha nyasi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Njoo ule kwanza.”

Nilikula bada, ugali wa muhogo, na mlenda, kisha akanionyesha msitu kwa mbali. Humo hamuokotwi hata kuni. Anayeingia kutambika huvua viatu, na makaburi hayaonyeshwi mgeni.

Asubuhi yake bwana ardhi alifika. Nilimwambia sheria inatambua ardhi ya mila.

“Inatambua inayotumika,” alijibu, akamgeukia mama. “Mama, msitu huu anautumia nani?”

Mama akajinyoosha kwa fahari. “Hakuna! Tangu enzi za bibi zetu, hakuna aliyethubutu kukata hata fito.”

“Kweli kabisa!” ukoo mzima ukaitikia.

Niliona jibu hilo linatuponza. Nikadakia kwamba humo mna makaburi.

“Nionyesheni.”

Nilimtazama mama. Alifumbata mikono kifuani, akatikisa kichwa.

“Basi hili ni pori,” alisema bwana ardhi, wala hakuwa mkali. Trekta likaingia siku hiyohiyo.

Nilipoondoka, mama alinisindikiza hadi njia panda. Miti ilikuwa bado inaanguka nyuma yetu.

“Tungeufyeka wenyewe, tukapanda mahindi, ungekuwa wetu?”

“Ndiyo, mama.”

Alirudi kijijini bila kuniaga.

Nimefika Manundu, wateja wananidai nguo zao na mimi mkono hauendi. Nililojifunza ni hili, na linaniuma: sheria ile ilitaka tuthibitishe kwamba mahali ni petu kwa kupaharibu kwanza.