Kikohozi Kimoja, Endelea Kusoma

Niseme wazi mapema, tusije tukagombana huko mbele: Waingereza hawajui kufiwa. Nimezisoma riwaya zao za upelelezi, hizi za siku hizi zenye jalada jeusi na nyumba moja yenye taa dirishani, na kila mara nachoka palepale. Mtu anauawa Jumatatu. Jumanne mpelelezi anagonga mlango, na nani anafungua? Mjane. Peke yake! Ana kikombe cha chai mkononi, nyumba imenyamaza, hakuna jamvi, hakuna sufuria, hakuna hata shangazi mmoja anayelia kwa sauti kuwashinda wote. Hapa kwetu Makwale, Kyela, mpelelezi huyo angekuta watu mia uani, angepewa kiti, angepewa wali, na kabla hajanawa mikono angekuwa ameshaambiwa muuaji ni nani na alionekana akipita njia gani.

Hayo ni maoni yangu. Baba mkwe wangu ana ya kwake, na kwa miaka sita sasa tumebishana juu ya vitabu hivi bila kuonana uso kwa uso hata siku moja.

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba wa mumewe. Akija njiani, wewe unaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Hamkai chumba kimoja, wala hamsemeshani. Jambo hilo huitwa ukutila, yaani kuogopa, ingawa woga wenyewe ni heshima tu iliyopewa miguu ya kukimbilia. Siku hizi familia nyingi zimelegeza. Kwetu Talatala nilikozaliwa walilegeza zamani, ndiyo maana nilipoolewa huku nikadhani wananitania. Walikuwa hawatanii. Mpaka leo baba mkwe namjua kwa kikohozi, kwa mlio wa baiskeli yake na kwa mwandiko wake.

Huo mwandiko ndio uliotukutanisha. Mzee alikuwa karani bandarini Itungi enzi za meli nyingi, na Kiingereza chake ni cha kupiga muhuri. Mimi nilisoma mpaka kidato cha sita kabla ya kuja kulima kakao. Dada yangu anauza mitumba, anavuka mpaka pale Kasumulu kwenda Karonga, Malawi, na kurudi, na ndani ya mabelo ya makoti huwa anakuta vitabu. Yeye hasomi. Ananirushia mimi kama anayemtupia mtoto biskuti.

Kitabu cha kwanza nilikisoma nikiwa na mimba. Nilipokimaliza mama mkwe akakichukua, akasema mzee anapenda makaratasi. Siku nne baadaye kikarudi kimepigwa mistari ya penseli, imenyooka kwa rula, chini ya kila uongo wa kila mshukiwa. Ukurasa wa mwisho paliandikwa: "Mpelelezi mvivu. Muuaji nilimjua ukurasa wa themanini."

Nilikasirika mpaka mtoto tumboni akageuka. Mimi nilikuwa nimemjua ukurasa wa mia mbili na kumi! Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: "Baba aambiwe kwamba kuwahi kujua si sifa, ni kujinyima raha." Mama mkwe, ambaye hajui Kiingereza na wala haoni hasara yoyote kwa hilo, akakibeba kitabu kukirudisha kwa mzee. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Mzee anapenda riwaya za polisi wenye mafaili, nani alisaini, nani aliingia saa ngapi. Mimi napenda zile zinazosimuliwa na mke wa mtu, mwanamke mpole anayekudanganya kuanzia sentensi ya kwanza. Mzee hizo hazitaki kabisa. Aliwahi kuandika pembeni kwamba msimulizi mwongo afukuzwe kazi. Tulikubaliana mambo mawili tu. La kwanza, kwa nini maiti kila siku ikutwe na mtu anayetembeza mbwa? Mbwa wetu wanajitembeza wenyewe. La pili, yule mpelelezi mkuu apewe chakula. Ameachika, binti yake hapokei simu, anakula mkate wa baridi ndani ya gari huku manyunyu yakidondoka, na mwandishi anayaita hayo mvua! Aje Kyela mwezi wa nne. Mara ngapi nimetamani kumpelekea ndizi za nazi na samaki mbasa wa kuchoma, halafu arudi kazini akili ikiwa imetulia.

Kisha mistari ya penseli ikaanza kupinda. Mara ikapita katikati ya maneno badala ya chini yake. Baadaye kitabu kikarudi hakina alama hata moja.

"Anasema macho yana ukungu," mama mkwe akaniambia. "Mtoto wa jicho, yote mawili. Anasema usihangaike kumletea tena."

Nilikaa chini pale penye kichanja cha kakao nikalia. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu. Katika maisha yangu yote hakuna mwanamume mtu mzima aliyewahi kuniuliza nafikiri nini, halafu akangoja jibu, halafu akalipinga kwa maandishi. Mama mkwe alinitazama nikilia mpaka nilipomaliza, kisha akatoa shauri ambalo naamini alikuwa nalo siku nyingi.

"Nisomee mimi. Mimi ni mwanamke mwenzako, nani atakukataza? Sasa kama mzee ataamua kukaa nyuma ya jiko kupukuchua mahindi yake, hilo ni lake."

Jiko letu la nje ni la mianzi. Kila alasiri tukawa tunakaa ndani, mimi na mama mkwe, tunachambua kakao kavu, kitabu kimefunguliwa magotini mwangu, na mimi nageuza kila sentensi kuwa Kiswahili ili yeye aelewe. Upande wa pili wa ukuta mahindi yanadondoka kwenye beseni. Kikohozi kimoja maana yake endelea. Viwili, rudia hapo. Mwaka huo mzee alipukuchua mahindi ambayo hata hatukuwa nayo. Nasikia alikuwa akiyaazima kwa jirani.

Swali lake lilipita njia halali. "Mwulize mwanao, lango la nyuma lilifungwa na nani?" Nilimsikia vizuri, tulikuwa hatua tatu! Lakini nilingoja mama mkwe anigeukie aniulize, nikamjibu mama mkwe, naye akapaza sauti kumjibu mumewe. Kwa mtindo huo kila maiti ya Uingereza ilijadiliwa mara tatu.

Ila sikutegemea kwamba mama mkwe atatushinda sote. Habari za kamera za barabarani na nywele zilizookotwa kwenye zulia hakuzisikiliza. Hapo ndipo alipokwenda kukoroga chungu. Akirudi anauliza, "Nani hakuja msibani?" Nikimwambia hakuna msiba mama, Waingereza wanazika baada ya wiki tatu kwa nusu saa, anashika kichwa. "Basi nani aliyeleta chakula wa kwanza?" Namtaja yule rafiki wa marehemu aliyekuja na sahani ya nyama iliyofunikwa. "Na vijiko alijua vilipo?" Naangalia kitabu. Alijua. "Ndiye huyo," anasema, na kuendelea na kakao yake. Baada ya kurasa mia tatu ni huyohuyo. Ukimya uliokuwa ukitoka nyuma ya ukuta siku kama hizo ulikuwa mtamu sana kwangu.

Sasa nifike kwenye aibu.

Alasiri hiyo tulikuwa kwenye riwaya yangu, ya mke mwongo, na tumefika anapokiri. Nisichojua ni kwamba mzee alikuwa ameitwa ghafla, ng'ombe wake amekata kamba, akaondoka bila kusema kitu. Nyuma yake wakaja wazee watatu wa kanisa kumwona kwa habari za sikukuu ya mavuno. Wakakuta kiti, benchi na beseni la mahindi, wakaketi kumngoja, wakasikia sauti ya mkwe wa nyumba hiyo ikitoka jikoni, taratibu, kwa Kiswahili safi.

"Mume wangu hakutaabika," nikasema. "Nilimwekea vidonge kwenye chai."

Nyuma ya ukuta mzee mmoja akakohoa. Kikohozi kimoja! Nikaendelea.

"Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilimvuta miguu mpaka bustanini, nikamzika penye udongo laini. Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida."

Kikohozi kimoja.

"Watu wakiuliza nawaambia amesafiri. Mama mkwe wangu hajui lolote."

"Anajua!" mama mkwe akadakia kwa furaha. "Mama mkwe gani asiyejua?"

Hapo nikasikia sauti nisiyoizoea ikiita, "Ee Bwana, utuhurumie," na benchi likaanguka. Mume wangu ni dereva wa lori, na ilikuwa wiki ya tatu yuko Tunduma. Mmoja wao, mwenye simu, akampigia palepale. Mume wangu alikuwa anakula.

"Uko wapi?" mzee huyo akamuuliza.

"Tunduma, baba. Kuna nini, nani amefariki?"

"Wewe," akajibiwa.

Baba mkwe aliporudi na ng'ombe wake aliwakuta wawili kati yao wamesimama juu ya matuta yangu ya mchicha, niliyoyalima siku mbili nyuma, wanachokonoa udongo kwa fimbo. Akauliza kulikoni. Wakamweleza, kila mmoja kwa kunong'ona. Ndipo nilipomsikia akicheka, mara yangu ya kwanza. Ni kicheko kirefu chenye mluzi mwishoni, na mimi nilikuwa nimejikunja nyuma ya gunia la kakao nimeziba mdomo kwa kanga, mama mkwe naye anacheka na kunipiga mgongoni.

Wazee walishauri kwamba usomaji ule haufai kwa nyumba ya Kikristo. Tukautii ushauri huo kwa wiki nzima. Siku ya nane yule aliyekohoa akaja peke yake, akasema anapita tu kusalimia, akakaa kwenye benchi, akazungumzia mpunga, akazungumzia bei ya mbolea, kisha akamwita mama mkwe na kumuuliza kwa sauti ya chini kama yule mama wa bustanini walimkamata. Tukaanza tena siku hiyohiyo, na tangu hapo nyuma ya ukuta wakawa wawili.

Basi zikaja habari za Mbeya, kwamba macho ya mzee yanaweza kufanyiwa upasuaji. Nyumba nzima ikafurahi. Mume wangu akapanga safari, mama mkwe akachagua kanga za kwenda nazo. Mimi nilipika ndizi za kuwaaga, nikatabasamu, na moyoni nilikuwa mtu mbaya. Naomba nikiri bila kuzunguka: niliomba apone, na nikaomba asipone haraka. Akiona atasoma mwenyewe kwake, na rula yake, na mimi nitabaki na penseli pembeni ya karatasi. Nilikuwa nimezoea kuwa na baba nyuma ya ukuta. Nililiona wazo hilo lilivyo la ubinafsi na bado sikuweza kuliondoa.

Upasuaji ulikwenda vizuri mno. Bandeji zilipotolewa, jambo la kwanza mzee alilomwambia mkewe ni kwamba ile kanga ya njano haikumpendeza kamwe. Wiki hiyohiyo dada yangu alileta kitabu kipya, kinene, cha mji mdogo ufukweni ambako mwenye duka la dawa, mchungaji na daktari wa mifugo wote wanamchukia marehemu. Nilikifuta vumbi nikampa mama mkwe ampelekee mzee aanze yeye, kama ilivyostahili. Siku tatu kimya. Nilikuwa naanika kakao kwa kuzipiga reki kwa nguvu zisizohitajika.

Siku ya nne mama mkwe akarudi nacho.

"Anasema herufi bado zinacheza. Usome wewe."

Nilisikitika kwa ajili yake, nakuapia, na papo hapo nikapanga vigoda vyetu kwa haraka iliyomwaga nusu ya kakao. Nyuma ya jiko mahindi yakaanza kudondoka. Nikafungua kitabu, nikazipitisha kurasa zake kwa kidole kuona kina sura ngapi.

Ukurasa wa tisini palikuwa na mstari wa penseli, chini ya maneno ya mwenye duka la dawa kwamba usiku ule alilala mapema. Mstari ulionyooka kwa rula, chini ya maneno, haukugusa hata mkia wa herufi. Ukurasa wa mia mbili na sita mwingine. Nikaenda mwisho. Paliandikwa kitu pakafutwa kwa raba, na chengachenga za raba zilikuwa bado zimelala kwenye mshono wa kitabu. Nikasoma aya ya mwisho kwa wizi. Muuaji ni mwenye duka la dawa.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anachambua punje ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Nikarudi ukurasa wa kwanza. Nilisoma, sauti ikipanda na kushuka yenyewe, mpaka sura ya tisa, viliposikika vikohozi viwili.

"Mwambie mwanao," baba mkwe akasema, "muuaji ni daktari wa mifugo. Sina shaka kabisa."

Nilikifunga kitabu juu ya kidole changu. Kisha nikamgeukia mama mkwe, machozi yananitoka na kicheko kinanitoka, sijui kipi kilitangulia.

"Mwambieni baba amekosea," nikasema. "Mwambieni asubiri."

Mama mkwe akampazia sauti, neno kwa neno. Mahindi yalidondoka kidogo kwenye beseni, halafu kikaja kikohozi kimoja.