Pumzi za Mpiga Zumari

Sikukuu iliyopita mjukuu wangu alikuja kunipa mkono wa Idi amevaa kinyago cheusi usoni na kitambaa chekundu kinachoning'inia mgongoni. Mama yake kamnunulia sokoni Darajani. Alinipa shikamoo kwa sauti nzito ya kujitia utu uzima, akapanda juu ya sanduku langu la nguo, akaruka, na buli langu la chai likenda na maji. Nilikuwa nshafungua mdomo kumgombeza aliponiuliza, "Bibi, ulipokuwa mdogo, shujaa wako alikuwa nani?"

Utacheka, rafiki yangu. Shujaa wangu alikuwa mtu anayeogopa paka.

Tulikaa mtaa wa Malindi, ghorofa ya juu, katika nyumba ya mawe ambayo mvua ikinyesha tulitandaza masufuria sakafuni. Chumba cha chini alipanga mpiga zumari, mwanamme mwembamba asiye na mke wala mtoto. Asubuhi akipika kashata za nazi za kuuza, na harufu ya ile sukari ilipanda ngazi ikatuamsha. Kwenye harusi na sikukuu akipiga zumari. Uoga wake ulijulikana mtaa mzima. Paka akilala kwenye ngazi karibu na mlango wake, yeye husimama chini na sinia lake kichwani, akamwita bibi yangu ateremke amfukuzie. Bibi hakuacha kumcheka hata siku moja, na sisi watoto tulikuwa tukiigiza mwendo wake wa kujibanza ukutani.

Mashujaa tuliowajua sisi walikuwa wa sinema. Mtu juu ya farasi, upanga mkononi, kitambaa cheusi machoni. Tulikaa viti vya mbele kabisa mpaka shingo zikatukaza. Shujaa tulimjua kabla hajatokea, kwa sababu muziki ulipanda, na muziki ukishapanda hapana wa kumgusa. Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi, kishindo kidogo tu moyo unanienda mbio, na sinema niliipendea hilo. Ilikuambia mapema nani atasalimika.

Nyumbani nilikuwa na shujaa mwengine, baba. Kazi yake ilikuwa kupaka nyumba chokaa, na masikio yake hayakutakata weupe ule mpaka anaingia kaburini. Lakini sikukuu ikifika, baba alicheza kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa watu wawili katikati ya duara, ngoma na zumari zikiwapandisha. Mwenzake alikuwa jirani yetu mwoka mikate. Walicheza pamoja tangu ujana, kila mmoja anaijua fimbo ya mwenziwe inakotokea. Fimbo zenyewe zilikuwa za henzirani, nyembamba, zinapinda. Ikikupata utawashwa, hutavunjika. Na mchezo ulikuwa na adabu yake. Zumari ikilia, cheza. Zumari ikinyamaza, fimbo chini. Anayempiga mwenziwe bila ya zumari huyo alihesabiwa mhuni, na angesemwa mpaka Idi nyengine. Mpiga zumari naye alikuwa na fahari yake: hakati mpaka mmoja wa wachezaji ainame mwenyewe. Mashavu yake yalituna, pumzi akazivuta kwa pua, na sauti ikenda tu.

Kisha ikaja siasa. Wewe kama ulikuwapo unajua, na kama hukuwapo sijui nikueleze vipi. Kila nyumba ikawa na chama chake, kila chama na duka lake na maziko yake. Mama akaacha kunituma mkate kwa jirani. Nikawa napelekwa mbali, na mkate wenyewe nafika nao ushakauka. Baba na jirani, waliokuwa wakiazimana ngazi, sasa wakipishana kila mmoja anatazama ukuta. Mimi nilikuwa nikimwamkia jirani kwa siri. Alinijibu "Marahaba" bila ya kunigeukia, midomo haifunguki vizuri. Siku zile tumbo liliniuma kila siku. Bibi alinipa maji ya moto na habasoda, na alijua vizuri kwamba si chakula kinachoniuma.

Idi ilipokaribia zikaenea habari kuwa wawili wale watacheza vile vile. Nilifurahi, nikaona mambo yanarudi. Furaha yangu ilikwisha sikukuu yenyewe baada ya alasiri. Bibi alikuwa anakata mkate wa kumimina, iliki inanukia nyumba nzima, baba akatoka chumbani. Mkononi hakuwa na henzirani. Alishika mpweke, lile fimbo nene lililokaa nyuma ya mlango kungojea wezi.

"Na gogo hilo wenda wapi?" bibi akamuuliza.

"Mwenzangu nnasikia kachukua lake."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Bibi akaweka kisu chini. "Na hao watu ndio watakaomlea huyu mtoto?"

Baba akateremka. Bibi akavaa buibui lake kombo, nikamfuata nimeshika upindo.

Kiwanjani watu walikuwa wamejigawa, wetu huku na wao kule, katikati mchanga mtupu. Mpiga zumari alikaa kwenye kibao chake karibu na tuliposimama, baina ya wapiga ngoma wawili. Nilimwona anazitazama zile fimbo, hii, kisha ile. Akatia zumari mdomoni, akaanza.

Nilingoja muziki unitulize kama sinema. Haukunituliza. Muziki wa sinema unajua nani shujaa. Zumari ilimpandisha baba na ikampandisha jirani vile vile, kila mmoja anaona inalia kwa ajili yake. Magogo yalipokutana mlio ulikuwa mzito, si ule wa kila mwaka. Kisha la baba likapita, nyusi ya jirani ikapasuka, damu ikamjaa macho. Akawa anapapasa hewa, haoni.

"Mmalize," akasema mtu wa upande wetu. Nilimjua. Alikuwa akinibeba mabegani nikiwa mdogo.

Baba akanyanyua fimbo. Nilijua atamuua, na nilijua wale wa upande wa pili hawatamwacha baba aondoke pale mzima.

Zumari ikakatika. Haikufifia, ilikatika. Ngoma zikajikokota kidogo, nazo zikafa. Fimbo ya baba ikabaki juu.

"Puliza," mtu akasema.

Mpiga zumari alikuwa kajikunja juu ya kibao chake, zumari kaibana baina ya magoti. "Pumzi zimenishia."

"Puliza, yakhe, usitutie aibu."

"Nshasema, pumzi zimenishia."

Wa kwetu mmoja akamtia kofi, kofia ikaanguka. Kutoka kule akaja mwengine kumuuliza kanunuliwa na nani. Yeye akafunika kichwa kwa mikono miwili, lakini zumari hakuirudisha mdomoni. Baba aliitazama fimbo yake hewani, akaishusha polepole. Jirani akajifuta macho kwa ncha ya kikoi, akaenda zake. Hapana aliyempa mwenziwe mkono. Kwenye sinema wangekumbatiana.

Asubuhi yake bibi akanipa sahani ya pilau, juu kaifunika kawa. "Mpelekee wa chini. Na paka ukimkuta mfukuze." Nilipofika mlangoni nikasimama. Ndani zumari ilikuwa inalia, mdomo wake umezibwa kitambaa, chini kwa chini, wimbo ule ule wa jana, mrefu, bila ya kukatika. Nilisikiliza mpaka mikono ikaniuma. Nilipobisha hodi alifungua, shavu limemvimba, akaniangalia usoni na akajua nimesikia.

"Zimerudi," akasema, akapokea sahani.

Nilimwambia bibi peke yake. "Nnajua," akanijibu. "Jana nilisimama pembeni yake. Hata kuhema hakuwa akihema."

Hakuitwa tena. Wa kwetu walisema kala fedha za wa kule, wa kule wakasema kala zetu, na harusi za pande zote zikaleta mpiga mwengine kutoka shamba. Kabla ya Idi iliyofuata alihamia kijijini Tunguu kwa jamaa zake, zumari kaitia ndani ya foronya. Aliyemsindikiza alikuwa bibi tu. Ngazi zikabaki kwa paka, na bibi hakuwa na wa kumcheka.

Baba na jirani ilipita miaka hawasemezani, na siku ile sikuwasikia wakiitaja kamwe. Lakini baba alipofariki, aliyebeba mbele ya jeneza alikuwa mzee mwenye kovu kwenye nyusi, akakataa kupokewa mpaka makaburini Mwanakwerekwe. Nilimtazama nikalia kwa mengine. Yule aliyefanya baba afe kitandani mwake, na huyu awepo wa kumbeba, sijui hata kazikwa wapi.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho. "Alimpiga nani sasa?"

"Hakumpiga mtu. Yeye ndiye aliyepigwa."

Alinihurumia, nilimwona, akarudi juu ya sanduku.

Siku hizi Idi ni ya spika, na mwenye spika husimama mbali humuoni. Mimi nakwenda bado kuwatazama watoto. Ila muziki ukipanda, na watu wakaanza kupiga kelele kwa sauti moja, macho yangu yanazunguka yenyewe kumtafuta mwenye zumari.