Somoe Alipokuwa Mzizi
Juzi, stendi ya Newala, nilisoma "Transport" ubavuni mwa lori, nikamkumbuka Somoe. Shuleni Kitangari, mwalimu wa Kiingereza alimsimamisha juani awe mzizi wa maneno, "port". Sisi wengine tulitoka kivulini mmoja mmoja, tukasimama mbele yake kama viambishi, tukapaza sauti, "Import!" "Export!", kisha tukarudi kukaa. Moshi wa korosho zilizokuwa zikichomwa jirani ulituwasha macho.

"Mwalimu, naomba maji," alisema Somoe.

"Mzizi hujitafutia maji chini," akajibu, tukacheka.

Nilimwonea wivu, nikidhani amechaguliwa kwa akili zake. Leo najua aliadhibiwa kwa kuchelewa kumletea mwalimu ndoo ya maji kutoka bondeni.

Alipoanguka, mwalimu aliuliza, "Nani mzizi mwingine?"

Nikamruka Somoe, nikasimama pale pale.